Alizeti Haizuii Kompyuta

Tumeelezwa kwamba mchezo wa video wa mapigano, ule wa mchezaji mmoja na mikogo yake, ni kazi ya Wajapani. Kijana wa Singida abaki na alizeti. Lahaula! Mwaka 2015 Mkenya Andrew Kaggia na studio yake, Black Division Games, walitoa mchezo wa Nairobi X: viumbe wa anga wavamia Nairobi, mchezaji apambana nao.

Eti hatuna mandhari. Anayesema hivyo amewahi kufika Singida kweli, au alipita kwa basi amelala? Majabali yamebebana kama yamepangwa na jitu, heroe wako Ziwa Singidani, upepo haupumziki. Msanifu gani angeomba zaidi?

Mtaji, sawa, ni shida. Lakini studio ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Cameroon, ilichangisha fedha mtandaoni 2015. Mwaka uliofuata mchezo wao, Aurion, ukawa sokoni.