Mpimeni Fundi wa Sauti kwa Masikio Yake

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Makanika aliyejifunzia gereji chini ya mwembe anaweza kuja kwenu, akapimwa anachokijua, akaondoka na cheti. Mwashi na mpishi vilevile. Naomba mlango huo uwe wazi pia kwa mafundi wa sauti, maana wengi wao wamefundwa hivyohivyo: kijana anaanza kwa kukunja nyaya na kutumwa chai, anakaa nyuma ya prodyuza akichungulia kompyuta, mpaka siku bosi amechelewa na msanii keshafika.

Elimu hiyo siidharau; ndiyo iliyonilea, na Bongo Fleva kwa sehemu kubwa imejengwa nayo. Ila ina mashimo, na mashimo yenyewe yanafanana studio hadi studio. Chukua chumba tu. Ukutani trei za mayai, mlangoni godoro, na kila mtu anaamini sauti imedhibitiwa. Trei hupunguza kidogo milio myembamba. Besi inapita kana kwamba hazipo. Kwenye chumba kidogo besi hujazana pembeni na mara nyingi hupungua katikati, na katikati ndipo fundi alipoketi. Anaisikia haba, anaiongeza, anaongeza tena. Wimbo ukifika baa unanguruma mpaka maneno hayasikiki, kisha lawama wanatupiwa wenye spika. Mwalimu anayeijua kazi angemzungusha mwanafunzi chumbani huku noti moja ya besi ikilia, na ubishi ungekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana naiogopa kozi itakayoanzia na kuishia kwenye programu ya kompyuta. Hiyo kijana ataimaliza mwenyewe kwenye simu yake. Asichokipata huko ni bendi nzima mbele yake. Mlimani Park na Juwata walirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam wakipiga kwa pamoja, na fundi mitambo ilimpasa ajue mpiga tarumbeta asimame wapi asije akamfunika mwimbaji. Leo mpe mkali wa biti ngoma tatu na zeze, uone anavyohangaika na maiki. (Simcheki. Nani alimfundisha?)

Yapo na masikio yenyewe. Kiwango kinachopendekezwa kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3 muda unapungua nusu, na kwenye 100 zimebaki dakika 15. Vijana wetu wanakesha na spika zimefunguliwa mpaka mwisho.

Nako kukosa cheti kunauma. Kijana ninayemfahamu alinyimwa na hoteli moja kazi ya mitambo ya ukumbi kwa kuwa hana karatasi, kisha akaitwa kibarua kurekebisha alichovuruga mwenye karatasi.

Mtihani, basi, usiwe wa maswali ya kuchagua. Mpeni mtahiniwa chumba asichokijua, maiki mbili, mwimbaji wa taarabu na mpiga udi, na nusu siku. Kazi yake isikilizwe kwenye spika nzuri, kwenye simu na ndani ya daladala. Na kwenye jopo la watahini waiteni mafundi mitambo wastaafu wa redio kabla ya kumwita muuza vifaa.

Wako katika kazi,
Fundi wa studio, Temeke