Waranti ya mwaka mmoja, lakini ya kitu gani?

Kompyuta mpakato ilinunuliwa Kariakoo wiki moja kabla ya binti kwenda chuo Dodoma. Fedha zilitoka kwenye mchezo wa mama, zamu yake ya kupokea ilipofika. Muuzaji aliandika kwenye risiti "Waranti mwaka 1", akagonga muhuri, na mama akaondoka ameridhika.

Mwezi wa tano bawaba ya kioo ikaachia, picha nayo ikaanza kukatika. Dukani jibu lilikuwa fupi: "Mama, hii imeanguka. Waranti haihusiki." Binti aliapa haijaanguka. Baba akasema mtoto anaficha. Kwa wiki mbili hapakuwa na amani nyumbani, na binti alifanya kazi za chuo usiku kwa kompyuta ya kuazima.

Yule mama hakudanganywa waziwazi. Tatizo ni kwamba maneno "waranti mwaka 1" hayasemi kinalindwa nini, na nani, wala nani ataamua ubishi ukitokea.

Kwa kawaida, waranti ya mtengenezaji inahusu kasoro za kiwandani: kompyuta inayozima yenyewe, kibodi isiyoandika, kioo chenye mistari bila kugongwa. Haihusu ajali. Chai iliyomwagika, kioo kilichokaliwa na mdogo wake, umeme uliorudi kwa nguvu au kompyuta iliyofunguliwa na fundi wa mtaani, vyote mara nyingi hubaki mzigo wa mwenye mali. Hata picha na kazi za chuo zilizopotea hazilipwi, hivyo mwanafunzi azihifadhi pia sehemu nyingine.

Betri nayo ina masharti yake. Kupungua nguvu kidogo kidogo huhesabiwa kuwa uchakavu, si kasoro. Lakini betri iliyovimba ni hatari kwa familia nzima kwa sababu inaweza kushika moto. Ukiona sehemu ya chini imefura, au kompyuta inayumba ikiwekwa mezani, izime, usiichaji, usiitoboe, iweke mbali na watoto kisha uipeleke kwa fundi. Waranti nzuri inapaswa kueleza wazi kama betri ya namna hiyo itabadilishwa.

Kwa kompyuta zilizotumika, zile zinazoingia kutoka Dubai au Ulaya, kuwa makini zaidi. Waranti ya mtengenezaji inaweza kuwa imekwisha, au inatambulika tu katika nchi ilikouzwa. Kinachobaki ni ahadi ya duka, na ahadi hiyo huwa ya miezi au hata wiki chache.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji maswali haya, na majibu yaandikwe nyuma ya risiti:

1. Waranti hii ni ya kampuni au ya duka, na inaanza kuhesabiwa lini?
2. Betri, chaja, kioo na bawaba vimo?
3. Ikiharibika, inatengenezwa hapa au inasafirishwa? Nani analipa nauli, na itachukua siku ngapi?
4. Duka likisema imeanguka, nani ataikagua, na nitapewa maelezo ya maandishi?

Dai risiti ya EFD, na hakikisha namba ya kompyuta, ile iliyobandikwa chini yake, imeandikwa. Bila namba hiyo ni rahisi kuambiwa kuwa mashine si ile uliyouziwa.

Marekani ina sheria ya tangu mwaka 1975 inayotaka waranti ya maandishi ielezwe kwa lugha rahisi, na mnunuzi aweze kuisoma kabla ya kulipa. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Lakini ukienda huko mikono mitupu, bila risiti wala maandishi, utapata shida kuthibitisha uliahidiwa nini.

Yule mama alirudi dukani na risiti yake. Hakugomba. Alisema, "Kaka, naomba fundi aifungue mbele yangu, aandike alichokiona." Ilipofunguliwa, skrubu za bawaba zilikuwa zimeng'oka ndani kwenye plastiki, na nje hapakuwa na alama yoyote ya kuanguka. Duka likakubali kubadilisha bawaba bure, gharama ya waya wa kioo wakagawana.

Jioni baba alimpigia binti simu na kumwomba radhi. Mzazi, kabla ya kumlaumu mtoto kwa kitu kilichoharibika, hakikisha kwanza fundi amekifungua na kukikagua.