Chunusi za Watoto Wetu: Tujue Chanzo Kabla ya Kununua Dawa



Mtoto anapofikia balehe, mambo mengi hubadilika kwa pamoja: sauti, kimo, tabia na ngozi. Hili la ngozi humtia unyonge kuliko mengine, kwani liko usoni na kila mtu analiona. Mitaani kwetu, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Manzese na Tegeta, kijana mwenye chunusi huambiwa kuwa ni mchafu, au kwamba anawaza sana mambo ya ndoa. Maneno hayo si ya kweli, nayo huumiza. Msikitini kwetu alikuwapo kijana mwenye sauti nzuri ambaye aliacha kuadhini kwa miezi kadhaa. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa akikimbia utani wa wenzake juu ya uso wake.

Hebu tutazame chanzo chenyewe. Ndani ya ngozi, vitundu vinavyoota vinyweleo vina vitezi vinavyotoa mafuta ya kuilainisha. Wakati wa balehe, homoni ziitwazo androjeni huongezeka kwa wavulana na wasichana pia, na vitezi hivyo hukua na kutoa mafuta mengi. Mafuta hayo huchanganyika na seli za ngozi zilizokufa, yakaziba kitundu. Bakteria, ambao huishi katika ngozi ya kila mtu hata aliye msafi kabisa, huzaliana humo. Mwili hupambana nao, na hapo hutokea uvimbe, maumivu na usaha. Ile ncha nyeusi inayoonekana kwenye baadhi ya vitundu si uchafu, bali ni mafuta na seli zilizobadilika rangi zilipokutana na hewa. Kwa hiyo kusugua uso kwa dodoki na sabuni kali hakuondoi chunusi, bali huzidi kuijeruhi ngozi.

Wataalamu hukadiria kuwa kiasi cha asilimia 85 ya vijana wa miaka 12 hadi 24 hupatwa na chunusi kwa kadiri fulani. Urithi nao una sehemu yake: mzazi aliyesumbuliwa nazo ujanani asishangae kuziona kwa mwanawe. Kwa wasichana, mara nyingi huzidi siku chache kabla ya hedhi. Mafuta mazito pia huchangia. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza chunusi za paji la uso walizoziona kwa wanaume weusi waliozoea kupaka mafuta mazito ya nywele. Nasi tunaopaka mafuta ya mgando usoni na kichwani katika joto la Dar es Salaam tuzingatie hilo.

Balaa kubwa, hata hivyo, huanza chunusi zinapopona. Ngozi yetu nyeusi huacha madoa meusi mahali palipovimba, hasa pakiminywa. Madoa hayo kwa kawaida hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, lakini binti hana subira, na pengine mama yake pia hana. Hapo ndipo mkorogo unapoingia nyumbani. Mchanganyiko huo mara nyingi huwa na dawa kali za steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi hutuliza uvimbe kwa muda, na uso ukaonekana umetakata. Kisha ngozi huwa nyembamba, na chunusi mpya huzuka kwa wingi, hasa mtu anapojaribu kuacha. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Vipodozi vyenye sumu hizi vimepigwa marufuku nchini, na tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS. Kuviona vikiuzwa sokoni si dalili ya kuwa vimeruhusiwa.

Basi tufanye nini? Kijana anawe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, bila kusugua. Maji ya udhu hayana madhara. Asiminye chunusi. Apunguze soda na vitu vyenye sukari nyingi, ambavyo tafiti kadhaa zimevihusisha na kuzidi kwake. Chunusi chache zinaweza kutibiwa kwa dawa ya kupaka ya duka la dawa, kama vile benzoili peroksaidi, lakini matokeo huhitaji wiki 6 hadi 12. Wengi huacha dawa kabla haijafanya kazi. Zikiwa kubwa, zenye maumivu au zinazoacha makovu, tumpeleke kituo cha afya ili apewe rufaa, ikihitajika, kwenda Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Vidonge vya isotretinoini visinunuliwe kiholela, kwa kuwa humlemaza mtoto aliye tumboni.

Jambo la mwisho ni ndimi zetu. Aya ya 11 ya Surat al-Hujuraat inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na katazo hilo halikubagua uso wenye chunusi. Mzazi akisikia watoto wake wakimtania ndugu yao, awakanye siku hiyo hiyo. Kisha amweleze mwenye chunusi, kwa upole, yanayotokea ndani ya ngozi yake, na amuulize iwapo kuna kitu ambacho tayari anakipaka kwa siri.

Wabillahi tawfiq.