Jimbo ni Watu

Twasikia Uingereza ikisifiwa kuwa mama wa mabunge. Hebu tulitazame jimbo lake la Old Sarum. Mwaka 1831 kilima hicho kilikuwa na wapiga kura 11 tu, wote wakikaa kwingine, walakini kilipeleka Bungeni wajumbe wawili aliowataka mwenye ardhi. Manchester, mji wa maelfu ya wafanyakazi wa viwanda, haukuwa na mjumbe wake hata mmoja. Wafanyakazi walipokusanyika mwaka 1819 kudai haki hiyo, walikatwa kwa panga za askari wa farasi.

Old Sarum ilifutwa mwaka 1832. Wafanyakazi wengi wa mijini wakangoja kura mpaka 1867. Basi, jimbo ni watu, si ardhi. Mfanyakazi akaaye nyumbani siku ya uchaguzi amrudishia mwenye mali kilima chake.