Mcheza kwao hutunzwa. Je, achezwaye ugenini?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hapa Kiminini, mpiga litungu akizikonga nyoyo za watu arusini, hutunzwa papo hapo. Swali langu ni hili: sauti yake ikinaswa, ikakatwa vipande kwa kompyuta na kuchezwa katika kumbi za dansi za Ulaya, nani atamtunza?

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1999 Mmarekani Moby alitoa albamu ya Play, iliyouza zaidi ya nakala milioni 10. Wimbo wake mmoja, Natural Blues, umejengwa juu ya sauti ya Vera Hall, mwanamke Mweusi wa Alabama aliyejipatia riziki kwa upishi na udobi. Bibi huyo alikuwa amefariki tangu mwaka 1964.

Kwetu pia yametukia. Mwaka 2018 Kanye West alitumia kipande cha Kothbiro, wimbo wa bendi ya Kenya, Black Savage, wa miaka ya 1970. Ayub Ogada na James Mbarack Achieng walitajwa miongoni mwa watungaji wa wimbo huo mpya. Waliweza kutajwa kwa kuwa walijulikana.

Wako wasemao kwamba muziki wa jadi ni mali ya wote, na kwamba hata wazee wetu waliigana. Ni kweli, lakini aliyeiga alimjua aliyeigwa, na hakuna aliyejenga ghorofa kwa wimbo wa mwenziwe. Wala siupingi muziki wa kompyuta. Mtindo wa house wenyewe ulizaliwa na Weusi wa Chicago katika miaka ya 1980. Ninachopinga ni kumfuta mwenye sauti.

Sheria ipo. Ile ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitaka kaunti ziweke rejista, na inamtaka mtumiaji aombe idhini ya jamii na kugawana nayo faida. Lakini sheria itamlindaje asiyeandikwa? Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma na ziwafikie wapiga litungu wazee kwa daftari na vinasa sauti: jina, kijiji, wimbo, tarehe. Nao vijana wanaorekodi kwa simu wasitie wimbo kwenye intaneti bila jina la mwenyewe.

Mzee akifa bila kuandikwa, sauti yake itakuwa mali ya mwenye mashine.