Somo la Biashara sasa ni lazima: Kazi mradi ya mwanafunzi ianzie kwenye perege wa Mtera

Tangu Januari 2025, kila anayeingia kidato cha kwanza Tanzania anasoma Elimu ya Biashara, apende asipende. Zamani Commerce na Book Keeping vilikuwa vya wale waliochagua mchepuo wa biashara. Sasa hata mwenye ndoto za udaktari atakutana na mtaji, leja na mizania.

Hilo ni jambo zuri. Shida inaanza pale mwalimu anaposema, "Andaeni kazi mradi ya kuanzisha biashara."

Unajua kinachofuata. Mwanafunzi anakwenda steshenari, au anaingia kwenye kundi la WhatsApp, anapata mradi ulioandikwa tayari: duka la keki, mtaji shilingi milioni moja, faida milioni mbili, wateja "watu wote". Anabadilisha jina na shule, anapiga chapa, anapeleka. Mtoto wa Mtera anaandika kuhusu keki za Mlimani City wakati perege wanakaangwa mita chache kutoka darasani kwake.

Mtera iko kwenye barabara kuu ya Dodoma na Iringa. Basi likisimama, akina mama na vijana wanakuja dirishani na samaki wa kukaanga na wa kukausha. Kwa somo la biashara, pale kuna kila kitu: mnunuzi mwenye haraka, bidhaa inayooza, washindani kumi wanaouza kitu kilekile, na bei inayobadilika kabla ya saa sita mchana.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufanyia hesabu tu, wewe weka bei za siku uliyokwenda mwenyewe.

Unanunua ndoo ya perege kwa 60,000. Mafuta ya kula 12,000, mkaa 6,000. Unategemea kuuza kwa 90,000. Mwanafunzi anatoa 78,000, anaandika faida 12,000, anapigia mstari kwa wino mwekundu. Kazi imeisha.

Haijaisha. Bodaboda ya kuleta ndoo 2,000. Karatasi za kufungia 1,500. Karai la 48,000 litakalotumika mara 96 kabla ya kutoboka linakula 500 kila siku ya kukaanga, na huo ndio uchakavu ambao wengi wanaukariri bila kuuona. Samaki wa 4,000 wamebaki, wameharibika, kwa hiyo mauzo ni 86,000. Faida sasa ni 4,000.

Sasa weka madeni. Kati ya hiyo 86,000, jirani na konda wa basi wamechukua samaki wa 10,000 kwa mkopo, watalipa "kesho". Mkononi imeingia 76,000, imetoka 81,500. Daftari linasema umepata faida ya 4,000, lakini mfukoni una pungufu ya 5,500 kuliko ulivyoamka. Kesho ndoo hainunuliki nzima. Na bado hatujahesabu wale wawili waliopelekwa nyumbani kuwa mboga, ambao kwenye leja wanaandikwa matumizi binafsi ya mwenye biashara.

Mtaani tunaita kula mtaji. Genge likifungwa watu wanasema limerogwa, wakati jibu lilikuwa kwenye daftari ambalo halikuwahi kuandikwa.

Kwa maoni yangu, kazi mradi nzuri ni ile ambayo mwanafunzi anaomba ruhusa kwa muuzaji mmoja, anakaa naye wiki tatu au nne, anaandika kila siku kilichoingia, kilichotoka, kilichokopwa na kilichooza. Kurasa zitakuwa na namba mbaya mbaya kama 3,850. Mwalimu akiona namba zote zinaishia na sifuri tatu, aulize maswali. Kuna kikwazo cha lugha pia: muuzaji anahesabu kwa Kiswahili, pengine na Kigogo, na ripoti inatakiwa Kiingereza. Basi maelezo ya kila siku yaandikwe kwa lugha ya muuzaji kwanza. Tafsiri ifuate nyumbani.

Halafu kuna sehemu ya hatari za biashara, ambayo kwenye miradi ya kunakili huwa sentensi moja: "ushindani na ukosefu wa mtaji." Mtera ina hatari yake yenyewe. Bwawa halikujengwa kwa ajili ya samaki. Lilikamilika 1980 kutunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme wa Kidatu, na mtambo wake wenyewe wa megawati 80 ukaanza 1988. Kina cha juu ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kikishuka chini ya 690 umeme hauzalishwi. Oktoba 2015 ukame ulikuwa mkali hadi Tanesco ikazima mitambo yake ya maji. Maji yakirudi nyuma kwenye nchi tambarare kama ile, mvuvi anatembea zaidi, ndoo inapanda bei, na abiria wa basi hataki kusikia habari za ukame.

Sheria nayo ina lake. Uvuvi wa kokoro umepigwa marufuku na biashara ya samaki inahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Mradi unaotegemea samaki wa bei chee waliovuliwa kwa kokoro una shimo kwenye msingi.

Swali gumu zaidi haliko kwenye mtihani. Kundi la kwanza la somo hili litamaliza kidato cha nne 2028, na baadhi watakuwa chini ya miaka 18. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, inataka uwe umefikisha 18 na uwe kwenye kikundi. Kusajili jina la biashara BRELA kunataka namba ya NIDA. Kwa hiyo pale kwenye "mmiliki wa biashara", mwanafunzi wa Mtera aandike ukweli: leseni kwa jina la mama, mtaji wa mama, na makubaliano ya nani anashika pesa za mauzo jioni.