Daftari la Wananchi Lisifungwe

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba haki nayo hupotea vivyo hivyo. Twasema haya tukiitafakari safari ya Mkenya mwenzetu, Bi. Ory Okolloh, aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 2005, kisha akaifanya tekinolojia kuwa chombo cha kumtetea raia.

Mwaka wa 2006, yeye na Conrad Akunga walianzisha tovuti ya Mzalendo ili wananchi wapate kujua wabunge wao wanasema nini na wanatenda nini Bungeni. Hansard ilikuwako tangu zamani, lakini ni wapiga kura wangapi waliopata kuifunua?

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 30 ya mwezi huo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, huku damu ikimwagika mitaani na vijijini. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuwahesabu waliokufa kuwa watu 1,133. Mwanzoni mwa Januari 2008, Bi. Okolloh alitoa wito kwa mafundi wa kompyuta wasaidie kuchora ramani ya maovu yaliyokuwa yakitendeka. Miongoni mwa walioshirikiana naye walikuwamo Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, na baada ya siku chache Ushahidi ikazaliwa. Mwenye simu ya mkono aliweza kutuma ujumbe mfupi, na tukio likaonekana kwenye ramani. Programu hiyo ilitumika pia nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010.

Mwaka wa 2011 Bi. Okolloh alijiunga na kampuni ya Google akishughulikia sera barani Afrika, na mwaka wa 2013 akahamia Omidyar Network. Wapo wanaouliza: mtetezi wa raia ataketije katika afisi za matajiri wa ng'ambo? Swali hili halipuuzwi, kwa maana tumewaona wenzetu waliopigwa virungu pamoja nasi wakinyamaza mara tu walipopewa viti. Hata hivyo, sisi twampima mtu kwa jambo moja: je, alipoondoka, kazi iliondoka naye? Haikuondoka. Mzalendo iliendelea kulifuatilia Bunge, na Ushahidi ikaendelea mikononi mwa wengine. Huo ndio uongozi tunaoutamani katika vyama vyetu, na hata katika kamati za makanisa yetu.

Ndugu wasomaji, kabla ya kifungu cha 2A kufutwa mnamo Desemba 1991, kuandika ukweli kulikuwa kujitafutia kizuizi. Leo kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 118 chaliamuru Bunge liendeshe shughuli zake waziwazi. Lakini haki isiyotumiwa ni kama jembe lililotundikwa darini msimu wa mvua.

Wala tusidhani kwamba mashine itatufanyia kazi hii. Sisi tuliozoea mahakama twajua kwamba neno lisilothibitishwa halimfungi mwizi wala halimwokoi asiye na hatia. Ujumbe wa simu waweza kubeba kweli, na waweza kubeba fitina iletayo mapanga. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo yakibana kidole kibonyezacho simu kama inavyoubana ulimi.

Kwa hiyo twatoa rai kwamba kila parokia na kila kikundi cha kutetea haki kiwateue watu wawili waaminifu wa kuweka daftari. Waandike ni nini kilichotendeka, wapi, siku gani, na ni nani aliyeona kwa macho yake. Wahakikishe kabla ya kusambaza, wawalinde mashahidi kwa kuficha majina yao, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Waandike pia ahadi za mbunge, wamsomee mbele ya watu arudipo kuomba kura.

Asiyeandika leo, kesho ataandikiwa na wengine.